Kisigino kinauma, magoti yanauma: niache mbio nibaki na baiskeli?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 49, nafanya kazi ofisini Mtumba hapa Dodoma na naishi Ihumwa. Nina kilo 82. Presha niliyopima mwezi uliopita ilikuwa 138 kwa 88, situmii dawa yoyote, na hedhi imeanza kurukaruka. Miezi miwili iliyopita nilijiunga na kikundi cha kukimbia mtaani. Wenzangu wakaniambia mtu wa Singida mbio ziko kwenye damu, si unaona Simbu, yule mkimbiaji wa marathoni? Nilianza na kilomita 3, wiki ya nne nikawa nakimbia 7, mara nne kwa wiki, na pumzi ilikuwa imekaa vizuri kabisa. Sasa nyuma ya kisigino cha kulia, kama vidole viwili juu ya mfupa, panauma. Nikiamka nachechemea, baada ya dakika kumi panaachia. Jirani amenishauri nikimbilie kwenye mchanga wa korongo kwa kuwa ni laini. Nimejaribu pia baiskeli ya mtumba ya mume wangu, mara tano tu, magoti yakaanza kuuma kwa mbele. Halafu saa ya mkononi inasema moyo wangu unafika 168 nikikimbia. Je, umri umenipita? Niache mbio nibaki na baiskeli?

JIBU: Dada yangu, umri haujakupita, na mbio usiziache. Baiskeli nayo usiirudishe stoo. Unavihitaji vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake, na maumivu yako yote mawili yana sababu zinazorekebishika.

Nianze na kisigino. Mwili haujengeki wote kwa mwendo mmoja. Moyo, damu na misuli huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ndiyo maana ulipofika wiki ya nne ulijiona mwepesi ukaongeza kilomita. Kano haiwezi kwenda na kasi hiyo. Ni ile kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Hupata damu kidogo na hujijenga kwa miezi, na kadiri tunavyokula miaka ndivyo inavyozidi kuchelewa. Kila hatua ya mbio hutua ardhini kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa kilo zako 82 hiyo ni kama kilo 160 hadi 250 kwa kila hatua, na kano ya kisigino hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Wewe uliongeza umbali zaidi ya mara mbili ndani ya mwezi. Pumzi ilikuruhusu, kano haikuwa tayari. Watu wa rika letu wanaokuja kwangu wakichechemea, wengi wamepita njia hiyohiyo, na karibu wote huniambia sentensi uliyoandika wewe: "pumzi ilikuwa imekaa vizuri."

Hilo la Singida nalo tuliangalie kwa haki. Alphonce Simbu alipata medali ya shaba ya dunia London mwaka 2017 na dhahabu Tokyo mwaka 2025. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minane ya kazi, kwa mtu ambaye tayari alikuwa mkimbiaji. Kama kuna cha kuiga kwake, iga hiyo miaka minane.

Ushauri wa jirani kuhusu mchanga wa korongo usiufuate sasa. Mchanga ni laini kwa mtu anayeanguka, si kwa kano. Kisigino kikizama, kano huvutwa zaidi na kigimbi hufanya kazi ya ziada kuung'oa mguu. Ukirudi kukimbia, tafuta barabara ya udongo ulioshikana, isiyo na mawe wala mwinamo mkali.

Dawa ya kano ni mzigo uliopimwa. Kulala na kupumzika kabisa huondoa maumivu, lakini kano hubaki dhaifu na siku ukirudi yanarudi. Simama ukishika ukuta, nyanyuka kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha hamishia uzito kwenye mguu wa kulia na ushuke polepole ukihesabu mpaka nne. Rudia mara 15, pumzika dakika moja au mbili, fanya hivyo mizunguko mitatu, asubuhi na jioni. Rudia yote goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu kigimbi kina misuli miwili na mmoja hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Wiki mbili za kwanza fanyia sakafuni. Baadaye simama kwenye ngazi, vidole juu, kisigino kikishuka chini ya ukingo. Kwa kuwa maumivu yako yako juu ya mfupa, ngazi itakufaa. Yangekuwa pale pale kano inapojishika kwenye mfupa, ningekuambia ubaki sakafuni. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mfano 3 kati ya 10, mradi kesho yake asubuhi kisigino kisiwe kibaya kuliko jana. Hicho kipimo cha asubuhi ndicho kitakachokuongoza, kiamini kuliko saa yako. Jipe wiki 12, na usikate tamaa wiki ya tatu.

Sasa baiskeli. Sijaiona, lakini maumivu ya mbele ya goti kwa mtu aliyeanza juzi mara nyingi hutokana na kiti kilichoshushwa mno. Tunashusha kiti ili miguu yote ikanyage chini tukiwa tumekaa, na inaeleweka, kwa sababu tunaogopa kuanguka. Ila kiti kikiwa chini, goti hubaki limekunjwa sana wakati unakanyaga pedeli, na mfupa mdogo wa mbele ya goti (pia) hugandamizwa kwenye mfupa wa paja maelfu ya mara katika safari moja.

Pima hivi. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino (si vidole) kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke wote bila nyonga kuyumba. Ukihamishia sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, kama unavyoendesha kawaida, goti litabaki limekunjwa kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Kama kiti chako kiko chini sana, pandisha sentimita moja au mbili kila baada ya siku chache, mpaka ufike. Nyonga zikianza kucheza kushoto na kulia, au ukihisi maumivu nyuma ya goti, umepitiliza. Angalia pia bomba la kiti: lina alama ya mwisho wa kupandisha, na alama hiyo isionekane nje ya fremu, la sivyo bomba linaweza kukatika ukiwa juu yake. Ikiwa baiskeli ya mume wako haikufikishi kwenye kipimo hiki, basi ni ya saizi nyingine, na hakuna zoezi litakalosaidia goti.

Kiti kikishakuwa juu, jifunze kusimama upya: funga breki, shuka mbele ya kiti, mguu mmoja chini, ukiwa umesimama juu ya fremu. Fanyia uwanjani nusu saa na hofu itaisha.

Kosa la pili ni gia nzito. Wengi hudhani kukanyaga kwa nguvu polepole ndilo zoezi. Weka gia nyepesi, mguu uzunguke haraka. Hesabu goti moja linavyopanda kwa sekunde 15: likifika mara 18 hadi 20 uko sawa. Kama baiskeli haina gia, kwenye mlima shuka usukume. Magoti yako yana thamani kuliko kilima cha mtaa wenu.

Kwa nini basi nisikwambie ubaki na baiskeli peke yake, maana ndiyo isiyogonga? Kwa sababu ya mifupa. Hedhi inapoelekea kukoma, homoni ya estrojeni hushuka, na miaka hiyo ndiyo mwanamke hupoteza mifupa kwa kasi zaidi. Mfupa hujiimarisha ukibeba uzito na kupata mtikisiko. Baiskeli inakubeba wewe; moyo na mapafu hufaidi, mifupa haipati habari. Mbio kidogo, kwa kipimo, zinaipa hiyo habari. Kwa hiyo baiskeli iwe ya kujenga moyo, ambako utatumia dakika nyingi, na mbio ziwe za kujenga mifupa na kano, ambako utatumia dakika chache. Wanaojaribu kufanya kazi zote mbili kwa mbio peke yake ndio ninaokutana nao kliniki.

Kuhusu 168. Kiwango cha juu cha mapigo hukadiriwa kwa kuchukua 208 na kutoa asilimia 70 ya umri. Kwako inatoka kama 174. Ni makadirio, mtu mmoja anaweza kutofautiana na mwingine kwa mapigo 10 au zaidi. Ikiwa saa inasema kweli, basi ulikuwa unakimbia karibu na kikomo chako mara nne kwa wiki, na huko siko kunakojenga msingi. Lakini saa za mkononi zina tabia ya kuchanganya hatua na mapigo, na hatua za mkimbiaji kwa dakika huwa katika 160 hadi 170. Simama ghafla, gusa mshipa wa shingoni, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Mazoezi yako mengi yawe kati ya 105 na 130.

Kuna kipimo rahisi zaidi, nacho ulifundishwa shule ya msingi. Kwenye mchakamchaka kiongozi huimba na wote huitikia. Mwendo ambao unaweza kuitikia wimbo wote bila kukatika pumzi ndio mwendo wako. Ukibaki unaitikia neno la mwisho tu, punguza.

Ratiba yako kwa wiki mbili za kwanza: hakuna kukimbia, baiskeli siku tatu, dakika 30 kila moja, na zoezi la kisigino kila siku. Kuanzia wiki ya tatu, kisigino kikiwa kimetulia asubuhi, ongeza mbio siku mbili zisizofuatana: kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane. Kila wiki badilisha kitu kimoja tu, ama dakika za kukimbia ama za baiskeli, kamwe si vyote. Ukifika wiki ya 12 ukiwa unakimbia dakika 20 mfululizo umefanya vizuri sana. Jumla ya wiki nzima ilenge dakika 150, ambazo ni kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa zoezi la wastani, na siku mbili ongeza nguvu: kuketi na kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara 12, mizunguko mitatu.

Hapa kwetu usishindane na upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba unavuma kweli, hivyo anza safari ukiukabili na urudi ukikusukuma, usifanye kinyume. Toka kabla jua halijapanda, hasa Oktoba na Novemba, ukiwa na taa mbele na nyuma, na usiingie barabara kuu ya Dar es Salaam alfajiri, malori hayakuoni. Beba pampu na viraka, miiba ya migunga haina huruma na tairi.

Kabla ya yote, pima presha tena, mara mbili kwa siku tofauti, na sukari pia. Ya 138 kwa 88 haikuzuii, lakini inataka kufuatiliwa. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, usifanye mazoezi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibana na maumivu kwenda mkononi au tayani, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au pumzi kukata bila sababu: simama na utafute hospitali. Na kama siku moja kisigino kitatoa mlio kama wa kamba kukatika, ukashindwa kunyanyuka kwa vidole, usikande wala kupaka dawa. Huenda kano imekatika; nenda hospitali, saa za mwanzo zina maana.

Baada ya wiki sita za zoezi, ukiwa bado unachechemea asubuhi kama leo, njoo au mwone mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu, na uje na viatu unavyokimbilia. Vya mtumba huonekana vizima juu huku soli ya ndani imekauka; ibonyeze kwa kidole gumba leo, na kama haibonyei hata kidogo, viatu hivyo vivae sokoni tu.