Kuwa na lithiamu si kuwa na kiwanda cha seli

Swali: Karakana yetu huunda betri za pikipiki za umeme kwa seli za kuagiza nje. Nchi yetu ina miamba ya lithiamu, na mshauri mmoja anatwambia tukinunua mashine zake tutatengeneza seli wenyewe kwa madini yetu. Tuanze na mashine ipi?

Jibu: Kwa sasa msinunue hata moja. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na nyuma yake hakosekani muuza mashine anayekwepa kueleza kinachotokea kati ya mgodi na seli.

Mwamba hauingii kwenye betri. Hupondwa, huchomwa kwenye tanuri, hupikwa kwa asidi, mpaka ipatikane chumvi ya lithiamu yenye usafi wa asilimia 99.5 hivi. Hicho peke yake ni kiwanda kizima cha kemikali. Kisha kuna utando wa plastiki ndani ya seli, mwembamba kuliko unywele: chembe moja ya chuma ikiutoboa, seli inapiga shoti kwa ndani. Unyevu nao ukigusa chumvi ya elektroliti (kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya seli) huzaa asidi ya haidrofloriki, ndiyo maana seli huundwa katika vyumba vinavyokaushwa hewa mchana na usiku. Je, mshauri wenu amewatajia bili ya umeme ya chumba hicho?

Kampuni ya betri ya Northvolt ya Sweden ilikuwa na mabilioni ya dola, ikashindwa kutoa seli nzuri kwa wingi uliotakiwa, ikafilisika Machi 2025. Indonesia nayo ilizuia nikeli ghafi, madini mengine ya betri, isiuzwe nje Januari 2020. Kiwanda chake cha seli cha Karawang kilizinduliwa 2024 tu, tena kwa ubia wa kampuni za Korea Kusini, Hyundai na LG.

Fedha zenu ziende kwenye vipimo. Pimeni uwezo na ukinzani wa ndani wa kila seli kabla ya kuziunga, kwa kuwa katika mfululizo ile dhaifu ndiyo huamua betri nzima itadumu vipi.

Na hili ni kwa karakana zote. Kuna seli kuukuu zinazovuliwa plastiki, zikavishwa mpya na kuuzwa kama za kiwandani. Chaneni plastiki ya nje ya moja, bila kuikata seli yenyewe: mkikuta alama za kulehemu kwenye ncha zake, rudisheni mzigo wote. Na fundi anayewashauri kuiruka BMS (saketi inayolinda betri) kwa sababu “inakata umeme hovyo” anahatarisha watu wanaolala nyumba moja na pikipiki zao. Mara nyingi inakata kwa sababu kuna seli iliyochoka. Itafuteni hiyo seli.