Herufi zinapotea nikichomeka hadi diski: nibadilishe kibodi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina seti ya kibodi na kipanya visivyo na waya, vyote vinatumia risiva moja ndogo ya USB kwenye laptopu. Siku zote viko sawa, ila nikichomeka hadi diski ya nje ili nihifadhi mitihani, mshale unaganda halafu unaruka, na herufi zinapotea. Naandika "mtihani", inatoka "mthani". Betri nimebadilisha mara mbili. Ninunue seti nyingine?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usinunue kwanza. Betri umezionea bure, na mhusika umeshamtaja mwenyewe: hiyo hadi diski.

Kibodi na kipanya chako vinaongea na risiva kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Hadi diski nyingi za sasa ni za USB 3, inayopitisha data kwa kasi inayofika gigabiti 5 kwa sekunde. Kasi hiyo huzaa kelele ya redio inayovuja kwenye tundu, kwenye waya na kwenye diski yenyewe, na sehemu yake huangukia palepale kwenye gigahezi 2.4. Intel waliipima na kuieleza wazi mwaka 2012. Sasa kibodi hutuma kwa nguvu ndogo mno, ndiyo maana betri zake hudumu miezi. Risiva iliyobanana na waya wa diski ni sawa na mtu anayenong'onezwa akiwa kando ya mashine ya kusaga.

Hakikisha hivi: toa diski kwa utaratibu, kisha andika mistari miwili mitatu. Ikitoka kamili, basi ndiyo hiyo.

Dawa ninayoiamini ni waya wa kurefusha USB, mita moja inatosha. Risiva ikae mezani karibu na kibodi, mbali na diski. Bei yake haikaribii ya seti mpya. Kabla hujaupata, hamishia risiva upande wa pili wa laptopu. Waweza pia kuchomeka diski kwenye tundu la USB 2, kama lipo. Itanakili polepole, lakini kelele ile itatulia. Tundu la USB 3 mara nyingi lina plastiki ya buluu au alama ya SS, ingawa si kila kiwanda kinafuata rangi.

Wapo watakaokushauri uhamie Bluetooth. Nayo iko kwenye gigahezi 2.4 hiyo hiyo, kwa hiyo tatizo linaweza kukufuata.

Risiva yenyewe itunze sana. Seti nyingi za bei nafuu zimeunganishwa na risiva yake tangu kiwandani, na ikipotea huwezi kuazima ya mwenzako.

Herufi zikiendelea kupotea hata diski ikiwa imetolewa, hapo ndipo nitaishuku kibodi. Niandikie risiva iko umbali gani nayo, na kama kuna ruta ya Wi-Fi juu ya meza hiyo hiyo.