Majina ya waliolipwa bima ya ukame yasomwe barazani

Ndugu uliyeuliza kama kubandika majina ya wafugaji waliolipwa fidia ya ukame ni kuanika siri zao, nakujibu kwa niliyoyaona kwetu kaunti ya Tana River, Kenya, nikiwa katibu wa kamati ya kijiji iliyoandikisha kaya kwenye bima ya mifugo ya serikali.

Mpango huo ulianza 2015 Turkana na Wajir, kisha ukafika kaunti nyingine kame. Serikali ililipa ada yote ya bima kwa kaya zilizochaguliwa, kwa kiwango cha ng'ombe 5 au mbuzi 50. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho katika eneo zima, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, walioandikishwa katika eneo hilo hulipwa, mifugo yao iwe imekufa au iko hai.

Hilo halikuelezwa. Pesa zilipoingia kwenye simu, mzee mmoja aliyebaki na zizi tupu hakupata hata ndururu, na jirani yake ambaye mifugo yake ilisalimika akapata. Maneno yakaanza: chifu kauza majina, kamati imekula. Watu wa mlango mmoja wakaacha kusalimiana. Tukaiomba ofisi iliyohusika orodha, tukajibiwa kwamba hizo ni siri za watu. Siri gani, katika kijiji ambacho kila mtu anamjua ng'ombe wa mwenzake kwa rangi na kwa alama ya sikio?

Orodha ilipopatikana hatimaye, baada ya barua, tuliona kwamba yule mzee hakuwahi kuandikishwa: kaya yake ilihesabiwa ndani ya ile ya kaka yake. Wengine namba zao za simu zilikosewa. Na yalikuwemo majina ambayo hakuna mtu kijijini aliyeyatambua. Yote hayo yangenaswa mapema kama karatasi ingesomwa barazani kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Februari 2017 ilitangazwa kwamba zaidi ya shilingi milioni 200 zimekwenda kwa kaya zaidi ya 12,000. Ni habari njema, lakini kwa tangazo hilo peke yake mama wa Garsen au Bura hawezi kujua kama yeye ni mmojawapo.

Wasiwasi wako kuhusu faragha nauheshimu, na wengine wameshaupima. Marekani, sheria ya kilimo ya 2008 ilifunga ramani na taarifa za mashamba ya watu, ila ikaacha wazi majina ya wakulima wanaolipwa na serikali, pamoja na kiasi walichopokea. Ulaya, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha mwaka 2010 sheria ya kutangaza kwa jina kila mkulima anayelipwa ruzuku, na baadaye majina yakarudishwa isipokuwa ya wanaopata kidogo sana. Mimi nasema hivi: namba za kitambulisho na za simu zisionekane kabisa, na majina yasitupwe kwenye intaneti. Lakini jina, kijiji, kiasi, na kipimo cha malisho kilichofanya eneo lilipwe, vibandikwe ofisi ya chifu na visomwe kwa sauti, kwa lugha ya watu wa pale.

Na msingoje hisani ya mtu. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila ada ya kuomba, na sababu yako ya kuomba haikupunguzii haki. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia. Jibu litoke ndani ya siku 21. Wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Andikeni nakala mbili na mgongewe muhuri na tarehe kwenye ile mnayobaki nayo, maana bila tarehe hiyo hamtaweza kuonyesha kwamba siku 21 zimepita.