Jozi mbili za enjeli kwenye tangi moja

Ndugu yangu wa Ujiji uliyeuliza, jozi mbili za enjeli, hawa samaki wa mapambo, zikitaka kutaga kwenye tangi moja la lita 200, mapezi lazima yachanike. Kila jozi inalinda mayai yake. Watenganishe leo leo. Kama huna tangi la pili, mwambie fundi vioo akukatie kizuizi cha katikati, kioo cheusi, kiache upenyo mdogo maji yapite. Wakionana tu, watashinda wanatanuliana matamvua kutishana badala ya kupepea mayai. Kila upande simamisha kigae kirefu, maana hutaga kwenye kitu kilichosimama. Na tafadhali sana, usiwajazie maji ya ziwa letu! Tanganyika ni maji magumu, yaani yenye madini mengi. Hawa asili yao ni Amazon, wanapenda maji laini.