Visukuku "vilivyoishi" au wanyama "walioishi"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Katika jarida la shule niliandika: "Visukuku vya panya vilivyoishi miaka milioni 25 iliyopita vimepatikana Mbeya." Mwenzangu akafuta "vilivyoishi", akaandika "walioishi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, mwalimu. Aliyeishi ni mnyama. Kisukuku ni jino au mfupa uliogeuka jiwe, nacho kilizikwa, kikachimbuliwa, kikapimwa, lakini hakikuishi. Kiambishi rejeshi kifuate nomino inayotenda: visukuku vilivyopatikana, wanyama walioishi. Najua wanaoandika "kisukuku huyu" kwa kuiga kifaru na kiboko. Hao ni viumbe hai, ndiyo maana tunasema kifaru huyu. Lakini mfupa wake ukishakuwa jiwe, ni kisukuku hiki cha kifaru.

Linalonisumbua zaidi ni hilo neno "panya", ingawa hukuliuliza. Nadhani unamkusudia Kahawamys mbeyaensis wa miamba ya Nsungwe, bonde la Rukwa, aliyetangazwa mwaka 2009. Jina lenyewe linapotosha: "kahawa" ni yetu, na "mys" ni panya kwa Kigiriki. Lakini wataalamu wamemweka katika kundi la ndezi, yule anayewindwa kwenye matete na mashamba ya miwa. Miaka milioni 25 iliyopita, ukoo wa panya tunaowafukuza jikoni ulikuwa haujatokea. Meno ya kale ya ukoo huo, ya takriban miaka milioni 14, yamepatikana Pakistan. Kumwita Kahawamys panya ni kumpa ukoo usio wake.

Neno la kundi zima tunalo: mgugunaji, wagugunaji, kutokana na kuguguna. Tazama pembe ya gunia la mahindi lililolala ghalani, ile mikwaruzo miwili miwili ya meno ya mbele, meno yasiyoacha kukua maisha yote. Panya anaguguna, na vivyo hivyo kindi, nungunungu, fuko na ndezi. Nalipenda neno hili kwa sababu linamtaja mnyama kwa kazi ya meno yake, na ni kwa meno hasa wagugunaji wa kale wanatambuliwa, kwani mifupa yao myembamba huoza au kusagika upesi.

Basi sentensi yako ningeiandika hivi: "Visukuku vilivyopatikana Mbeya ni vya wagugunaji wa jamii ya ndezi walioishi miaka milioni 25 iliyopita."