Maswali ya Wasomaji: Sigara ya Bei Nafuu na Stempu Yake

Nina duka dogo Bungoma. Kijana wa bodaboda huniletea paketi za sigara 20 kwa shilingi 80. Anasema si bandia, zimetoka kiwandani Uganda. Nitajuaje kama ni halali? (Muuza duka)

Anza na hesabu, haihitaji hata simu. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, ushuru wa bidhaa nchini Kenya ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, ziwe na kichungi au zisiwe nacho. Paketi ya 20 inabeba shilingi 82. Ongeza VAT ya asilimia 16, umefika 95, na bado hujalipa tumbaku, karatasi, lori wala faida ya mtu yeyote. Ya 80 haikulipiwa, basi. Hakuna kiwanda kinachotoa sadaka.

Kuhusu ubandia, huenda kijana anasema kweli. Sigara nyingi za magendo hutoka kiwanda halali kabisa. Zinalipiwa ushuru mdogo upande wa pili wa mpaka, kisha zinavushwa kwa njia za panya kandokando ya Busia na Malaba. Nyingine huandikwa kuwa ni za kuuzwa nje, zikasamehewa ushuru, halafu zikarudi sokoni usiku. Zile za kughushi chapa nazo zipo. Katoni kubwa moja ina paketi 500, yaani sigara 10,000. Kwa kiwango cha Kenya hizo ni shilingi 41,000 za ushuru, mzigo unaofungwa nyuma ya pikipiki.

Sasa stempu, ile karatasi ndogo inayobandikwa kwenye paketi kuonyesha ushuru umelipwa. Pakua Soma Label, programu ya simu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, usome msimbo ulio kwenye stempu. Usitosheke simu ikisema ni halali; soma jina la bidhaa na la mtengenezaji yaliyotokea, maana stempu halisi huweza kubanduliwa kwenye bidhaa nyingine. Ukiona jina la maji ya chupa juu ya paketi ya sigara, umepata jibu. Kisha soma paketi ya pili na ya tatu za katoni hiyohiyo. Kila stempu ina namba yake peke yake, kwa hiyo namba ikijirudia, mtu amechapisha nakala. Usitumie kamera ya kawaida ya simu: mghushi anaweza kuuelekeza msimbo wake kwenye ukurasa aliouunda mwenyewe, ukaambiwa kila kitu ni safi. Angalia pia nailoni. Stempu hubandikwa kiwandani kabla paketi haijavishwa nailoni, kwa hiyo ukiikuta imegandishwa juu yake, ishuku.

Mwisho dai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Huyo wa bodaboda hana, nawe ndiye utakayekutwa na mzigo rafuni.

Mwanza tunanunua sigara moja moja. Stempu tutaiona wapi? (Msomaji, Nyamagana)

Mwombe muuzaji akuonyeshe paketi anayochomolea. Akiificha chini ya meza, una sababu ya kushuku. Tanzania imekuwa na stempu za kielektroniki kwenye sigara tangu 2019, na programu ya TRA, mamlaka ya mapato ya huko, inaitwa Hakiki Stempu. Wengi hukosea wakidhani programu moja husoma stempu za nchi zote. Uganda wana Kakasa yao, Kenya Soma Label. Na hata stempu ya Uganda ikisomeka vizuri kwenye Kakasa, sigara hiyo ikiuzwa Mwanza bado haijalipiwa ushuru wa Tanzania.

Kwa wasomaji wa Kenya: sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 hairuhusu paketi yenye sigara chini ya 10, kwa hiyo kuuza moja moja ni kosa hata kama stempu ni halisi. Vibandani, bila shaka, mambo ni mengine.

Je, sigara za magendo zina sumu zaidi? (Mama wa watoto watatu, Kisumu)

Usimwambie mwanao hivyo, atadhani ile yenye stempu ina nafuu. Lami, nikotini na gesi ya kaboni monoksidi vimo katika moshi wa zote. Ubaya wa ya magendo uko kwenye bei: inafika mkononi mwa mwanafunzi mwenye shilingi tano.

Kwa nini serikali isipunguze ushuru ili magendo yaishe? (Mwalimu, Nakuru)

Kanada walijaribu. Sigara zao zilikuwa zikipelekwa Marekani bila ushuru, kisha zikirudishwa kimagendo. Februari 1994 serikali ikakata ushuru, na majimbo kadhaa yakafuata. Magendo yalipungua, lakini mapato yakaporomoka na vijana wakavuta zaidi. Uingereza walishika njia nyingine. Mwaka 2000, takriban sigara moja kati ya tano zilizovutwa huko ilikuwa ya magendo. Wakaongeza maofisa wa forodha na mashine za kukagua makontena, huku ushuru ukizidi kupanda, na sehemu ya magendo ikashuka miaka iliyofuata.

Kontena la futi 40 hubeba sigara milioni 10 hivi. Kwa kiwango cha Kenya hizo ni shilingi milioni 41. Hata ushuru ukikatwa nusu, mwenye kontena bado anabakiza zaidi ya milioni 20 kwa kutolipa, tena njia na watu wake anao tayari.

Na huko Kanada, mwaka 2008, kampuni mbili kubwa za sigara zilikiri makosa yaliyohusu magendo yaleyale, zikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja za huko.