Splash Mountain: maji ni yaleyale

Ndugu, unauliza kama Disney walibomoa Splash Mountain yote, ile safari ya mashua za kuporomoka majini kwenye bustani zao za burudani, na kujenga upya. Hapana. Njia ya maji ni ileile, na mporomoko wa mwisho, karibu mita 16, upo palepale; utalowa kama zamani. Kilichobadilika ni hadithi. Mabadiliko yalitangazwa Juni 2020, bustani ya Florida wakafunga Januari 2023, na ile mpya, Tiana's Bayou Adventure, ikafunguliwa Juni 2024. Mashabiki walisubiri miaka minne! Wapo waliochota maji ya mwisho ya ile ya zamani wakayanadi mtandaoni. Maji tu hayo.

Sababu ni kwamba ya zamani ilitokana na Song of the South, filamu ya 1946 iliyolaumiwa kwa kuyapaka sukari maisha ya Weusi wa Kusini mwa Marekani baada ya utumwa. Mimi namkumbuka zaidi Br'er Rabbit, mhusika wa filamu hiyo, maana ni sungura wetu mjanja aliyevuka bahari na watumwa. Yeye hakuwa na kosa. Hata hivyo Tiana, binti wa New Orleans katika filamu ya Disney The Princess and the Frog, anastahili pale. Ukitaka ile ya zamani, Tokyo bado wanayo.